Mpiga Piano Ambaye Hakurudi Kwao

Kila nionapo betri za redio zimeanikwa juani, huikumbuka siku moja ya utoto wangu, hata leo nikiwa mtu mzima. Mwalimu Editha, aliyetufundisha darasa la nne pale Nyamiaga, alizianika zake kwenye dirisha la darasa tangu asubuhi ili zipate nguvu. Kisha akazitia kwenye redio kaseti, akatuambia tufumbe macho.

Ilikuwa piano tupu. Hakuna kati yetu aliyewahi kuiona piano. Tulijua kinanda cha kanisani basi. Sauti zilianza polepole, moja moja, kama matone yanayodondoka kutoka kwenye bati mvua ikishakatika. Rafiki yangu Odilia alivumilia weee, mwisho akanyoosha kidole.

"Mwalimu, huyu mtu ataanza kuimba saa ngapi?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, akasema vidole vyake ndivyo vinavyoimba. Huyo alikuwa mtunzi wa Ulaya wa zamani sana, mwenye jina lililotushinda kutamka. Aliondoka kwao akiwa kijana, huku nyuma vita vikalipuka, akafia ugenini bila kuikanyaga tena nchi yake.

"Hapa anakumbuka nyumbani," alisema. "Sikilizeni."

Sikusikiliza tena. Baba yangu alikuwa amevuka mpaka pale Kabanga kwenda kupaangalia kwao Burundi, alikotoka kuja Tanzania akikimbia vita kabla sijazaliwa. Alikuwa ameaga kwamba hatakawia, naye alikuwa amekawia.

Nilifika nyumbani nikamkuta Mama anamenya ndizi. Nilitaka kumwuliza kama Baba naye hatarudi, nikaogopa kwamba nikilitamka neno hilo litakuwa kweli. Kila basi la kutoka Kabanga lilipopiga honi barabarani, kisu chake kilisimama, kikangoja, kisha kikaendelea. Hapo nikajua kwamba hata yeye anaogopa, na hofu yangu ikazidi.

"Mama, Baba atarudi?"

"Kachote maji," alijibu. Ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Baba alirudi Jumamosi mchana, vumbi hadi kwenye kope. Nilimkimbilia nikamng'ang'ania kiunoni, nikasahau hata shikamoo. Hakuninyanyua kama kawaida yake. Alikaa kwenye kigoda, akamwambia Mama kwa sauti ya chini, "Nyumba ya kwetu wanakaa watu wengine. Walinikaribisha vizuri tu. Wakanipa maji, kama mgeni."

"Pole, Baba Neema," Mama alisema, akakaa chini kando yake.

Mimi nilikuwa tayari uani narukaruka, nawatangazia majirani kwamba Baba amerudi. Msimu uliofuata alipanda kahawa nyuma ya nyumba yetu, na habari za kwenda Burundi sikuzisikia tena kinywani mwake. Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipoelewa kwamba Jumamosi ile, wakati mimi nashangilia, Baba alikuwa amekaa pale kwenye kigoda akiagana na kwao.