Walinzi Wawili wa Mti wa Fenesi

Rafiki yangu Mkongo, fundi wa kuchonga, alipata kazi ya mzee mmoja Mbudha wa Bugolobi, hapa Kampala: sanamu za walinzi wawili wa kusimama mlangoni pa chumba cha ibada cha Wabudha. Nilisoma habari zao kwenye simu, nikamweleza. Sura zao ni kali ili zifukuze ubaya, si kuuleta. Mmoja anafungua mdomo, mwenzake anaufunga.

"Wa mdomo wazi ni wewe," alinicheka. "Kunyamaza hujui."

Akaanza na huyo. Alitoka mkali mpaka watoto wa mtaani kwetu Namuwongo walikuwa wanamkimbia. Kisha homa ikamwangusha rafiki yangu. Kina mama wa kanisa lake walikuja kumwombea, wakakuta yale macho ya mlinzi pale mlangoni kwake.

"Ni hii sanamu imemfunga," mmoja akasema. "Ichomwe!"

Niliwaka. "Mama, hiyo ni malaria, kliniki wamesema! Mti unaumiza nani? Mkiigusa mtanijua leo!"

Mke wa rafiki yangu alikuwa ameshabeba mafuta ya taa, analia. Nikakimbilia ndani. "Kaka, sema neno moja tu, nawafukuza wote."

Alinishika, mkono wake moto kabisa. "Wacha. Hao ndio wananiletea uji. Nikizidiwa, watoto wangu wataenda kwa nani? Nyamaza, kaka."

Nikarudi mlangoni, nikasimama nimefunga mdomo, moshi wa yule mlinzi anayeungua unaniingia machoni. Mlinzi wa pili alikuwa bado gogo tu kwenye kona, hata uso hana.