Niliitika Jina la Wifi Yangu

Admin, ficha jina langu, na picha ya ziwa usiweke, maana Uvira tunajuana hata kwa mwendo. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mmoja, nina mume, watoto watatu na kiduka cha sabuni na mafuta huku Kimanga. Visa vyenu huwa ninavisoma nikitafuna karanga na kuwacheka wanaojitakia. Leo ni zamu yangu. Mficha uchi hazai, na mimi wangu nimeuficha miaka mitatu.

Nilikuwa na wifi, dada mdogo wa mume wangu. Tumwite Neema. Alikuwa na miaka kumi na tisa, alikaa kwetu akisoma, na aliniita yaya, yaani dada mkubwa, kana kwamba tulinyonya titi moja. Sauti zetu zilifanana sana. Mume wangu akipiga simu, ilibidi aulize kwanza ni nani kati yetu.

Mnaokaa huku mnakijua kile kisiwa cha mchanga kwenye Ruzizi, karibu na pale mto unapoingia ziwani. Maji yakipungua ufukwe unatoka mpana, na ng'ambo unaona majengo ya Bujumbura. Jumapili watu wanavuka na masufuria na muziki, wanaoga upande wa mchanga. Upande wa matete hakuna anayekaa sana, kwa sababu ya viboko.

Jumapili ile tulikwenda na kwaya yetu, mitumbwi miwili. Mwenye mtumbwi wetu ana desturi ambayo haivunji: wakati wa kwenda anaandika jina la kila mtu kwenye daftari, na wakati wa kurudi anasimama nyuma karibu na mota, anaita jina moja moja. Kila mtu anaitika "niko" kwa kinywa chake mwenyewe. Asipoitika hata mmoja, mota haiwashwi. Tulikuwa tunamtania kwamba anatuhesabu kama mbuzi.

Alasiri mvua ilianza kushuka kutoka milimani na watu wakakimbilia mitumbwi. Mimi nilikuwa nimeacha mtoto mchanga nyumbani, maziwa yalikuwa yananiuma kifuani, na nilikuwa na hasira na kila mtu. Neema nilikuwa nimemtuma kuosha masufuria. Mara ya mwisho kumwona alikuwa anacheka na wasichana wa mtumbwi wa pili, nikajiambia atarudi na hao. Jina lake likaitwa. Kimya. Likaitwa tena. Nikainamisha kichwa ndani ya kitenge nikasema, "Niko." Mota ikawashwa.

Mtumbwi wa pili ulikuwa na daftari lake, na humo jina la Neema halikuwamo. Waliitana wenyewe, wakaondoka wakidhani amekuja nasi.

Tulipofika ufukwe wa Uvira na yeye hayupo, mvua ilikuwa kali, hakuna aliyekubali kurudi. Asubuhi wanaume walivuka na mimi nikawafuata. Masufuria yangu yalikuwa yamepangwa juu ya mchanga, safi, yamefunikwa. Na nyayo zake tuliziona. Zilitoka kwenye matete mpaka pale mtumbwi wetu uliposimama, zikarudi, zikaja tena, zikarudi, mpaka mchanga ukawa umekanyagika kama njia ya kisimani. Za mwisho ziliingia majini. Mwili haujaonekana mpaka leo.

Mwenye mtumbwi aliapa mbele ya familia. "Miye niliita mara mbili," alisema. "Aliitika. Niliisikia sauti yake na masikio yangu." Wengine pia wakasema waliisikia. Basi ikaaminika kwamba kitu cha majini ndicho kilichoitika ili kimbakize. Yule baba aliuza mota yake. Siku hizi anazunguka vyumba vya maombi, anaomba atolewe hiyo sauti masikioni. Hupita mbele ya duka langu, ananisalimia kwa heshima, na mimi ninampa sabuni bure. Ninajichukia kila akinishukuru.

Tangu siku ile siwezi kuitika. Mume wangu akiniita kutoka uani, ninanyanyuka kwenda nikamwoneshe uso. Anadhani nimekuwa na kiburi. Nikiwa peke yangu dukani mvua ikianza kunyesha, ninalisikia jina la Neema likiitwa, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha kimya kile. Ninaziba mdomo kwa mkono.

Sasa sikilizeni kilichonileta hapa. Wiki iliyopita mama mkwe wangu alitoka kwake Runingu. Amechoka kukaa kwenye msiba usiokuwa na kaburi. Jumamosi familia itavuka kisiwani na mgomba. Mama ataita jina la mwanawe kando ya maji, mwanamke mmoja wa nyumba ataitika kwa niaba yake, kisha mgomba utazikwa badala ya mwili na matanga yaishe. Nilidhani watamchagua shangazi. Mama alinishika mikono yote miwili akasema, "Weye ndiye utaitika, binti yangu. Sauti yenu ilikuwaka moja. Nataka nimusikie mutoto wangu mara ya mwisho."

Nikakubali. Ningesema nini?

Mume wangu anampenda mama yake kuliko mboni ya jicho. Nikisema ukweli, huenda nikafukuzwa, watoto wakabaki kwao, na yule mama atajua mwanawe alikuwa anatufuata kwa nyayo huku mimi nimeitika kwa jina lake. Nikinyamaza, yule baba atazeeka akidhani ana pepo.

Nitukaneni kwanza kama mnataka, nimejitukana zaidi. Halafu mnipe shauri kabla ya Jumamosi. Mama ataita. Mara ya kwanza niliitika nikamwacha mtu kisiwani. Niitike tena?