Kabati Begani, Mazishi Tlawi

Isidori alikuwa fundi wa mtandao katika hospitali moja ya misheni pale Mbulu mjini, lakini wauguzi walishasahau kama ana jina. Walimwita Mtandao. "Mtandao, njoo, dirisha la dawa limeganda." "Mtandao, umekula?" Naye aliitika. Alikuwa mtu wa kuitika huyo, na ukiniuliza mimi, shida zake nyingi zilianzia hapo. Mgombeze, atakujibu. Mwombe kwa upole, umemmaliza.

Bibi yake, Marieta, alifariki Jumatano nyumbani Tlawi. Ndiye aliyemlea yeye na dada yake Zita tangu mama yao alipoolewa upya huko Gehandu na kuwaacha wangali wadogo. Bibi aliwanywesha uji, akawapeleka shule, akawachapa walipostahili, na Isidori akiwa mkubwa na kazi yake bado alimtumia mahindi ya kuchoma kwenye mfuko, kana kwamba mjini hakuna mahindi. Siku zake za mwisho alimshika mkono mbele ya ukoo wote, akasema: "Siku yangu ikifika, udongo wa kwanza utupe wewe. Sitaki mwingine." Wazee wakaitikia. Neno kama hilo likishasemwa kitandani, hakuna wa kulipindua. Mazishi yakapangwa Ijumaa, saa nane mchana.

Basi Ijumaa hiyo hiyo asubuhi swichi ya hospitali ikaanza vituko. Swichi ni kile kisanduku cha chuma chenye matundu mengi, kinachogawa mtandao kwa kompyuta zote za jengo. Ikilala hiyo, dirisha la dawa halitoi hata panadol na maabara haiwezi kupeleka majibu kwa daktari. Swichi mpya ilikuwa imeshafika, iko ndani ya boksi lake. Ilipokaribia saa sita, Sista Perpetua, mkuu wa utawala, akapiga simu.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba, Isidori mwanangu. Pole sana na msiba, baba. Najua leo ni siku yako. Lakini wagonjwa wamejaa mpaka nje, na hii inawaka na kuzima. Nifungie tu hiyo mpya, halafu uende. Bodaboda nitakuwekea getini."

Jamani, unakataaje hapo? Ameshapewa pole, ameshaitwa mwanangu, ameshaitwa baba. Angemfokea walau kidogo, Isidori angepata pa kushika. Akasema, "Sawa Sista," akavaa koti lake jeusi la msiba na kwenda kazini.

Kanuni za kazi alizijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha waliokuja mafunzoni: kabati la mtandao hufungwa na watu wawili, mmoja anashika, mwingine anakaza. Ukuta unaujaribu kwanza. Kilicho kizito kinakaa chini. Umeme unauzima kabla hujagusa chochote. Lakini mwenzake wa kushika alikuwa Wolfgang, seremala wa hospitali, na Wolfgang ndiye aliyetengeneza jeneza la bibi. Alishaondoka nalo asubuhi. Ofisi nzima ya utawala ilikuwa inapanda gari la hospitali kwenda Tlawi, maana kwetu huko mtu hazikwi na watu wachache, na kazi haimzuii mtu kwenda kuzika. Sista mwenyewe alikwenda. Kila mtu alikwenda kumzika bibi yake Isidori, isipokuwa Isidori.

Kabati lenyewe lilining'inia kwenye ukuta wa chumba cha mwisho cha korido, jengo la zamani la matofali mabichi lililopakwa chokaa. Alishasema mara nyingi kwamba ukuta ule haushiki, fisha za plastiki za kushikia bolti zinacheza ndani ya matundu yake, kabati lishushwe lisimame sakafuni. Wakamwambia tutaona. Na nafasi iliyobaki ndani yake ilikuwa ya juu kabisa, pale ambapo kitu kizito hakitakiwi kukaa.

Akatazama saa. Akawaza foleni ya dirisha la dawa. Akizima umeme, wale watu wanasimama. Akamwaza bibi. Akajiambia ni skrubu nne tu. Ai, hizo skrubu nne tu! Hakuna fundi aliyeumia bila kwanza kuyasema maneno hayo. Akavua koti, akalitundika kwenye kitasa, akainua swichi mpya peke yake, akaiegemeza kwa paji la uso na kuanza kukaza.

Alipofika skrubu ya mwisho aliona chokaa inachuruzika nyuma ya kabati. Akaacha kukaza, akatazama. Kufumba na kufumbua, bolti za juu zikang'oka ukutani na kabati lote likamwinamia. Alilidaka kwa bega na mikono miwili, miguu ikateleza, ikashika. Bisibisi ikaanguka chini. Yesu na Maria, uzito ule! Chini ya kabati, sakafuni, zilikaa betri za akiba, na kabati likiziangukia pale na umeme wake ungali ndani, moto ungewaka. Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na wodi ya watoto.

"Jamani!" akaita. "Kuna mtu?"

Umeme wa kawaida ulikuwa umekatika tangu asubuhi na jenereta lilikuwa linanguruma nje, dirishani pale pale. Hata yeye sauti yake hakuisikia vizuri. Akajaribu kulisukuma kabati lirudi. Likaenda kidogo na kurudi na uzito zaidi. Akajaribu kunyoosha mguu afikie swichi ya umeme ukutani. Wapi! Taa za kijani zilimchekea usoni, zinawakawaka, maana mtandao ulikuwa unafanya kazi vizuri kabisa.

Simu ikaita mfukoni mwa shati. Alijua ni Zita. Ikaita mpaka ikachoka, ikaanza tena. Kila ilipotetemeka kifuani alisema kwa sauti, "Nakuja, dada, nakuja," kama vile angesikika. Machozi yakamtoka na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Hapo mlango ukafunguliwa. Akaingia mzee mrefu wa nyanda za Hanang, mgolole begani, mkono mmoja umefungwa plasta, fimbo katika mkono mwingine. Alikuwa anatafuta choo. Baadaye walisema ni mzee Qamara, aliyeangushwa na dume lake la ng'ombe.

"Shikamoo mzee," alisema Isidori, kwa sababu hata kabati likikuangukia, mzee ni mzee.

"Marahaba." Mzee akaegemea fimbo. "Hujambo?"

"Sijambo. Mzee, naomba..."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Mzee, hili kabati..."

"Wewe ni wa nani?"

"Mjukuu wa Marieta wa Tlawi."

Mzee akamtazama toka juu mpaka chini. "Marieta anayezikwa leo? Na wewe uko hapa umekumbatia kabati?"

Simu ikaita tena. "Mzee, nitolee hiyo simu mfukoni. Ni dada yangu. Pokea, mwambie wanisubiri."

Mzee akaweka fimbo chini ya kwapa, akaichomoa simu kwa vidole viwili. Yeye simu yake ilikuwa ya vitufe. Hii ya kuteleza hakuwahi kuishika. Akaigusa. Alama nyekundu. Ikanyamaza. Akaiweka sikioni, akasema "Haloo" kwa nguvu, akasema tena, akangoja.

"Umeikata, mzee."

"Sijakata. Hasemi."

Ikaita tena, na mzee, kwa uangalifu mkubwa, akagusa palepale. Isidori akafumba macho. Hakuweza kumgombeza. Mzee wa watu, mkono umevunjika, anasaidia kwa kadiri anavyojua. "Basi mzee," alisema taratibu. "Niitie muuguzi. Yeyote."

Mzee akairudisha simu mfukoni, akaipapasa ikae vizuri, akaondoka. Isidori akasikia fimbo ikigonga sakafu, tok, ikapumzika, tok, mpaka jenereta likaimeza. Simu haikuita tena. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko bega. Wakati inaita, alijua wanamngoja.

Muuguzi Monica alikuja na mlinzi, na mlinzi akamleta mpishi. Wakazima umeme, wakalipokea kabati, wakalilaza sakafuni. Mikono ya Isidori ilikuwa imekakamaa, haishuki. Monica akaishusha kwa mikono yake kama anayemvua mtoto sweta. Foleni ya dawa ikasimama hata hivyo. Watu walilalamika, na mlinzi akawaambia wamlalamikie Mtandao.

Bodaboda alikuwepo getini. Barabara ya Tlawi ilikuwa na tope na walisukuma pikipiki mara kadhaa. Alipoingia uani aliona kaburi limeshatengenezwa tuta, msalaba umesimama, maua yamepangwa. Watu walikuwa wanakula makande. Sista Perpetua alimwona, akainamisha macho kwenye sahani. Binamu yake Abel, ambaye bibi alimwita mvivu mpaka siku ya kufa, alikuwa na udongo kwenye suruali mpaka magotini, na wajomba walikuwa wanampa mkono mmoja baada ya mwingine.

Kando ya mlango Zita alishika jagi na beseni, anawanawisha udongo waliotoka kaburini. Isidori akapanga foleni kama wengine, kwa sababu hakujua asimame wapi. Zamu yake ilipofika akanyoosha mikono. Ilikuwa myeupe kwa chokaa, na imechubuka.

"Dada, kabati li..."

"Tuliwazuia watu wasishushe jeneza," alisema Zita. Hakupandisha sauti. "Padri alisubiri. Mvua ikaanza, tukasema atakuja, yuko njiani. Ukanikatia simu, Isidori. Nikapiga tena, ukanikatia tena."

"Si mimi."

Zita akaitazama ile mikono.

"Sasa wewe unanawa nini?" akasema, akamwagia maji mtu aliyekuwa nyuma yake.