Bi Taratibu na Hofu Iliyomo Katika Damu ya Samaki

Saa mbili asubuhi, mwanamke aliyevaa buti za mpira anazamisha wavu katika tangi la saruji, taratibu, bila kuyavuruga maji. Anampata perege mmoja, anamtia kwenye ndoo yenye dawa ya usingizi, kisha anamlaza mezani na kumfunika macho kwa kitambaa kibichi. Sindano inaingia karibu na mkia. Damu inapanda. Saa ya ukutani inasema zimepita dakika mbili na nusu.

"Ikizidi dakika tatu haifai," anasema, akiitumbukiza chupa ndogo kwenye barafu. "Hapo hupimi tena samaki alivyokuwa. Unapima ulivyomtisha."

Wenzake katika kituo hiki cha kuzalisha samaki humwita Bi Taratibu. Ana miaka hamsini na miwili na elimu ya darasa la saba. Alianza hapa miaka ishirini na moja iliyopita kwa kusugua matangi. Wavu alikabidhiwa baadaye, mvuaji wa zamani alipostaafu.

Mwaka jana mambo yalimwendea kombo. Samaki walitoka kituoni wazima, wakafika kwa wafugaji wazima, na siku ya tatu wakaanza kuelea matumbo juu. Katika kila mia, arobaini walikufa. Maji yakapimwa, chakula kikapimwa, kasoro haikuonekana. Meneja akakata shauri kwamba mvuaji ana mkono mzito. Bi Taratibu akanyang'anywa wavu, akarudishwa kwenye brashi.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini mimi sikuwa mgeni," anakumbuka. "Nilikuwa nikifika nyumbani nakaa mlangoni na buti zangu, sina hata nguvu ya kuzivua."

Binti yake, anayesomea ushonaji, alimsihi aache kazi. Badala yake alimwendea mtafiti wa kituo, msichana anayelingana umri na binti huyo, akamwomba jambo moja: samaki wakishavuliwa, wapimwe damu kila baada ya saa moja, kila mara samaki mwingine, ijulikane hofu inaingia lini na inatoka lini.

Mtafiti alikubali, akampa wavu kwa ajili ya jaribio hilo. Alimweleza kwamba samaki akitishwa, mwili humwaga homoni kwenye damu ili apate nguvu ya kujiokoa, kisha ini huiondoa kidogo kidogo. Ikikawia kutoka, kinga ya mwili hudhoofika, na ugonjwa ambao angeushinda humuua.

Jibu la kwanza lilimchoma. Ndani ya saa moja baada ya yeye mwenyewe kuvua, homoni ilikuwa imepanda mara nane.

"Yule mtoto aliigeuza karatasi ya majibu chini juu," anasema. "Nikamwambia, mwanangu, usinifiche. Kumbe hata mkono wangu ulikuwa unawatisha."

Jibu la pili ndilo lililofumbua fumbo. Homoni iliyopanda kwa saa moja haikuisha mpaka kesho yake asubuhi. Nacho kituo, tangu mwaka jana, kilikuwa kikivua asubuhi, kikiwachambua samaki kwa ukubwa adhuhuri na kuwapakia alasiri, yote siku moja.

"Ni kama kumpa mtu habari ya msiba, na kabla hajafuta machozi unamletea ya msiba mwingine," anasema.

Siku hizi samaki waliovuliwa hupumzishwa siku nzima katika tangi lililofunikwa turubai, na hakuna anayeruhusiwa kuwagusa. Vifo vimeshuka hadi sita kwa mia. Meneja alikuja tangini, akamrudishia wavu. Kisha akamwomba amwonyeshe unavyoshikwa. Akamwonyesha.

Bi Taratibu amebakiza miaka mitatu astaafu. Kabla ya hapo anataka wafugaji nao wajue kwamba samaki aliyetoka safarini anahitaji kivuli na utulivu kwanza. Mwezi ujao atapanda lori la kituo awafundishe mwenyewe, bwawa kwa bwawa.

"Miaka yote hii nimewasindikiza mpaka getini tu," anasema. "Sijawahi kuona wanakokwenda kuishi."