Spika za Kinyozi Kurashina

Siku Hosaka alipomwona Mzee Kurashina kwa mara ya kwanza, aliona miguu tu. Ilikuwa miguu mifupi yenye soksi za kijivu, imechomoza kwenye mdomo wa spika. Mwili wake uliobaki wote ulikuwa ndani ya bomba la spika hiyo, na kutoka humo sauti nzito ikavuma: "Vua viatu uingie, fundi! Nafuta vumbi!"

Hosaka alikuwa fundi umeme, mtu wa makamo, mwenye haya kiasi kwamba akibisha hodi kwa nguvu aliuomba mlango radhi. Alivua viatu, akaiinamia ile miguu kwa heshima. Hakuona kingine cha kukiinamia.

Mzee akatoka kinyumenyume, mkononi ana brashi ya kupakia povu la kunyolea ndevu. Alikuwa kinyozi, na duka lake la kunyolea lilikuwa upande wa mbele wa nyumba ileile, mjini Kiryu, Japani, mtaa wa waliokuwa wafumaji hariri. Chumba cha nyuma, ambamo katika nyumba nyingine wangelala watu wanne, kilijaa spika mbili. Zilitoka katika ukumbi wa sinema uliofungwa zamani, wakati Kurashina bado kijana. Alizileta kwa mkokoteni wa muuza samaki, akabomoa ukuta wa nyumba yake, akaziingiza, akajenga ukuta tena. Kila moja ilikuwa na bomba jeusi linalopanuka hadi mdomo wake ukatosha kumeza ndama.

"Fundi," mzee alisema, "umeme wangu ni mchafu."

"Mchafu, mzee?"

"Unapita kwa Shimoda kwanza, jirani yangu muuza tofu. Unazungushwa na mashine yake ya kusaga soya, ndipo unanifikia mimi. Nikiweka santuri ya filimbi, nasikia soya. Nataka nguzo yangu mwenyewe hapo uani, na transfoma yake juu, nisichangie na mtu."

Hosaka hakushangaa. Alikwisha wasimamishia nguzo wazee wengine wa santuri. Mmoja wao alikuwa akiipigia nguzo yake saluti kila asubuhi.

Aliyeshangaa ni Fusae, mke wa mzee, aliyeingia na chai. "Nguzo? Baba Chinami, mimi nimelala miaka yote hii miguu yangu ikiwa ndani ya mdomo wa sinema, kwa kuwa godoro halina pengine pa kutandikwa. Wakati wa baridi upepo wa mlimani unapita humo unanifikia magotini. Sasa na uani pia uniletee nguzo?"

"Utaanikia nguo, mke wangu. Nguzo nzuri."

Nguzo ilisimama. Fusae akaanikia nguo, maana alikuwa mwanamke asiyeacha kitu kikae bure. Mji ule wanaume huvuma na wanawake huamua, na kila mtu mtaani alijua kwamba Fusae hakuwa amekwisha kuamua.

Mambo yalichemka alipokuja Ryohei, mume wa binti yao Chinami. Ryohei aliuza vyombo vya umeme katika duka kubwa huko Takasaki, na alivaa shati lililopigwa pasi hata siku ya mapumziko. Alimletea mkwewe zawadi: spika mbili nyeupe, kila moja kama kopo la majani ya chai, zisizo na waya, zinazotumia betri, zinazoamriwa kwa simu.

"Baba, hizi zitatoa kila kitu zinachotoa zako, na mama atanyoosha miguu."

Mzee alizinyanyua zote mbili kwa kiganja kimoja. "Kitu chepesi hivi kitatoa sauti gani? Ya mbu?"

"Baba, sayansi imesonga. Zako zinatoa joto kuliko sauti. Juzi mama alipasha wali juu ya amplifaya, hiyo mashine yako ya kukuza sauti."

"Na ulikuwa wali mtamu! Zako zinaweza kupasha wali?"

"Zangu zinaonyesha kila chembe ya sauti, baba. Safi."

"Safi ni hospitali. Mimi nataka muziki."

Hosaka alikuwa pembeni akifunga skrubu za swichi, akiomba kimoyomoyo wasimuulize. Fusae ndiye aliyekata shauri. Aliweka birika chini.

"Nyinyi wawili mmenichosha. Jumatatu ijayo duka limefungwa, na Ryohei yuko likizo. Kila mtu apige wimbo uleule, ule wa mama anayesubiri kituoni. Spika zitakazonitoa chozi zitabaki nyumbani. Zisizonitoa zitoke. Fundi Hosaka atakuwa shahidi, kwa sababu hasemi, na mtu asiyesema hahongeki."

Mzee akapauka. Spika zake zilikuwa zimezungushiwa ukuta, na uzeeni hangeubomoa tena. Njia ya kuzitoa ilikuwa msumeno tu, vipandevipande. Tena alimjua mkewe. Fusae hakulia alipovunjika mguu, aliitukana ngazi. Hakulia kwenye mazishi ya mama yake mwenyewe. Alikuwa jikoni akiwagombeza wapishi kwa kukata samaki mnene mno. Wiki ile mzee alinyoa watu wakatoka na upande mmoja mfupi kuliko mwingine, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Jumatatu ilifika na upepo wake. Fusae alikaa katikati ya chumba, kaupaka uso wake poda kidogo, na kitambaa cha machozi kimekunjwa magotini kikiwa kikavu. Hosaka alikaa karibu na mlango, tayari kutoroka.

Ryohei alianza. Aligusa simu. Mwimbaji akatoka katika makopo yale akiwa wazi kana kwamba ameketi mezani: mama mzee amesimama kituoni, hana mwavuli, theluji inamwangukia, treni ya mwisho imepita na mwanawe hakushuka. Hata mate yakimezwa yalisikika. Hosaka alihisi nywele za shingoni zikisimama, akatazama chini upesi asije akaonekana.

Wimbo ukaisha. Wote wakamtazama Fusae.

"Huyu mwimbaji ana mafua," alisema.

Ikawa zamu ya mzee. Valvu za amplifaya, zile taa zake za kioo, zilitaka kupata moto kwanza, kwa hiyo Fusae akaenda kuosha mchele, akarudi. Mzee aliishusha sindano juu ya santuri kama mtu anayemlaza mtoto. Mabomba yakanguruma. Vikombe vikatembea mezani. Mama wa kituoni alikuwa mkubwa sasa, kajaa chumba kizima na theluji yake yote. Ubeti wa kwanza ulipita. Ubeti wa pili ulianza, na Hosaka akaapa aliona kope la Fusae likicheza.

Ghafla nje kukalia *pwaa!*

Taa za valvu zikafifia. Santuri ikapunguza mwendo, na yule mama wa kituoni sauti yake ikashuka, ikashuka, mpaka akawa fahali anayesinzia. Kisha kimya.

Hosaka alitoka mbio. Juu ya transfoma kunguru walikuwa wamejenga kiota, na si cha vijiti. Kilikuwa cha hanga za waya za kutundikia nguo, zimesukwa vizuri kama kapu, na moja ilikuwa imeteleza ikalalia waya. Kunguru mwenyewe alikuwa juu ya paa, mzima, amekasirika.

"Hanga zangu!" Fusae alipiga kelele dirishani. "Nami mwezi mzima namnunia mke wa Shimoda!"

Ryohei alikwisha piga simu kampuni ya umeme. Akarudi akitabasamu. "Wanasema nguzo ni yetu, kwa hiyo na kunguru ni wetu. Baba, pole sana. Zangu zina betri. Nadhani tumemaliza."

Mzee Kurashina alisimama katikati ya chumba, akatazama spika zake, akatazama ukuta. Alizunguka nyuma ya spika ya kushoto, akafungua kile chuma kinachotia sauti ndani ya bomba, akakiweka chini, akabandika midomo yake kwenye tundu, akaimba ubeti wa tatu mwenyewe.

Sauti yake ilikuwa ya mbuzi aliyefungiwa darini. Lakini bomba lile lilitengenezwa kujaza ukumbi wenye viti mia kadhaa, na halikuchagua. Likampokea mbuzi likamkuza. Dirisha lilikuwa wazi. *Mamaaa mzeee yuko kituoniii, hana mwavuliii,* mtaa mzima ukatetemeka.

Sasa, Kiryu ina vipaza sauti vya manispaa juu ya milingoti, na mzee yeyote akipotea hutangazwa humo, kwa sauti nzito ya kuvuta maneno, apate kutafutwa. Ndiyo maana kabla ubeti haujaisha mlango ulifunguka kwa kishindo, akaingia Shimoda muuza tofu na aproni yake, blanketi begani, mabuti mkononi.

"Kituo kipi?" alihema. "Huyo mama, kituo kipi? Nimekwisha watuma wanangu wawili kwa baiskeli!"

Mzee alikuwa hasikii kitu. Macho kafumba, anamalizia theluji.

"Theluji mwezi wa tano!" Shimoda alizidi kuchanganyikiwa. "Maskini, atakuwa anasema ovyo kwa baridi! Mke wangu anachemsha supu!"

Kwa nyuma yake wakaingia mke wa Shimoda na sufuria, na bibi wa duka la uzi akiwa na mwavuli mzuri mpya, akitaka kujua jina la aliyepotea na amevaa nini.

Fusae alianza kwa kukohoa. Akajiziba mdomo kwa kile kitambaa. Mabega yakaruka. Kisha akaanguka ubavu juu ya mkeka, akacheka mpaka poda ikachora mifereji usoni, machozi yakimdondoka kidevuni, akipiga sakafu kwa kiganja na kusema, "Mpeni... mpeni mwavuli... yumo humu ndani ya bomba!"

Mzee akatoa kichwa nyuma ya spika. "Analia?"

"Anacheka!" Ryohei akapinga. "Kucheka si kulia. Tena hapakuwa na umeme, hapakuwa na santuri. Hiyo haikuwa spika, baba, hiyo ilikuwa tundu."

"Machozi hayo ni ya nani? Ya kunguru?"

"Fundi!" walisema pamoja, wakamgeukia Hosaka.

Hosaka aliona watu wote wanamtazama, na bibi wa mwavuli pia. Masikio yakamwaka moto. Alitamani kupanda nguzo akae na kunguru. Lakini aliuona uso wa mzee, na chini kwenye boksi lake la vifaa aliuona msumeno.

"Chozi ni chozi," alisema, akitazama soksi zake. "Mama Chinami hakutaja la aina gani. Na limetoka kwa bomba hilo."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa mbele za watu. Fusae akajifuta, akakaa wima.

"Nimesema, nimesema," alitamka. "Zibaki. Ila zigeuziwe ukutani usiku, nami ninunuliwe soksi nzito. Mama Shimoda, ile supu haitamwagwa, ileteni tunywe. Na naomba radhi kwa habari ya hanga."

Wana wa Shimoda walirudi jioni, wamechoka, wakiwa na bibi mmoja wa watu waliyemkuta kituoni akisubiri treni yake kwa amani. Akala naye.

Tangu siku ile Hosaka alikuwa akinyolewa pale bure, ingawa kila mara aliacha malipo ya haya yake, kisanduku cha maandazi ya maharage, juu ya kiti. Mzee Kurashina hakuufikia mwaka mpya uliofuata. Moyo ulisimama asubuhi moja akifagia nywele. Mara ya mwisho walipoonana ilikuwa siku kadhaa kabla, wawili tu, Fusae kaenda sokoni. Mzee alimpaka povu, akamlaza kichwa nyuma, akaweka wembe chini ya kidevu.

"Sasa, fundi. Sema kweli. Siku ile, kabla ya kunguru, masikio yako yalipenda zipi? Zangu au zile za kisasa?"

Hosaka alimeza mate polepole, kwa sababu ya wembe. Alikuwa na haya, lakini uongo ulikuwa unamtia haya zaidi.

"Za kisasa, mzee. Zilikuwa safi zaidi."

Wembe ulisimama. Mzee alitazama nyuma, kuhakikisha pazia la chumba limefungwa, kisha akaendelea kunyoa taratibu.

"Hata mimi," alisema. "Ukimwambia Fusae, nakunyoa nyusi."