Shemeji Kaleta Isale Mwenyewe, Halafu Anataka Binti Yangu Ndiye Aombe Radhi

Binti yangu kayakataa maziwa ya mwenyekiti mbele za watu! Haya, habari zenu wapendwa. Admin, jina langu lifiche, ila hiyo sifa usiifiche. Mimi ni mama wa miaka 52, mjane, niko Kibosho, nimeishia darasa la saba. Binti yangu yuko chuo kikuu mwaka wa pili, anasoma sayansi ya vyakula, na wiki hizi yuko fildi kwenye kituo cha maziwa hapa kijijini. Mngemwona na koti lake jeupe! Nalipiga pasi mwenyewe.

Mwenyekiti wa kituo ni shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu. Jumatatu kaleta ndoo yake. Binti akatumbukiza kile kipimo cha kioo kinachoelea, kikazama kupita kawaida. Hakukurupuka. Akapima mara tatu, akaandika, ndipo akasema kwa adabu, "Baba mkubwa, haya yameongezwa maji, siwezi kuyapokea."

"Nimekubeba mgongoni mpaka hospitali Mawenzi, leo unanipima mimi?"

"Nimepima maziwa, baba mkubwa. Wewe sijakupima."

Watu wakacheka, na mimi niliyekuwa foleni na kidumu changu cha maziwa nilicheka kuliko wote, sidanganyi.

Tangu hapo shemeji hasaini kitabu cha fildi cha binti. Bila saini, fildi yote anarudia mwakani! Anataka kwanza mtoto aandike kwamba alikosea kupima. Yaani kazi yake ya kwanza duniani aianze kwa uongo? Nimekasirika kweli kweli.

Jana kamtuma mke wake na jani la isale. "Mpe binti yako alishike, aje aombe radhi." Jamani! Kwetu Wachaga anayeleta isale ndiye anayeomba msamaha, na likishaletwa halikataliwi. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikalichomeka juu ya mlango. Nikamwambia, "Dada, mwambie mume wako tumeshamsamehe."

Sasa shemeji anawaka kijiji kizima, anataka jani lake. Binti analia, "Mama, mrudishie tu, asaini yaishe." Lakini nikirudisha, si nimekataa msamaha wa ukoo? Na mtoto akilibeba yeye, si amekiri kosa ambalo hakulifanya?

Nishaurini, nifanye nini? Fanyeni haraka, maana wazee wa ukoo wanakuja kwangu Jumamosi saa nne asubuhi. Nimewaambia kila mtu aje na maziwa yake. Shemeji naye aje na ndoo. Kipimo kitakuwa mezani.