Siku ya Bembea Bukoba

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikifumba macho inakuja yenyewe, wala siiiti. Ilikuja tena juzi uliponipigia simu kunieleza kwamba likizo hii mnawapeleka wajukuu zangu Dar es Salaam, kwenye hayo mabembea makubwa na maji ya kuteleza. Ulinisomea mpango wote: saa ya kuamka, saa ya kula, nani aanze kupanda nini, mkeo abebe nini. Nilikusikiliza nikacheka peke yangu, maana sauti ilikuwa yako lakini mpango ulikuwa wa babu yako mtupu. Basi tulia nikusimulie.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, wimbo wa ujamaa ndio kwanza tunafundishwa shuleni. Tulikaa Muleba, ndani kabisa ya migomba, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa kati ya watoto. Bukoba alikuwa anafika baba peke yake, akipeleka kahawa. Mwaka huo akarudi na habari kwamba sikukuu ya Sabasaba kutakuwa na bembea iliyoletwa kwa meli kutoka Mwanza, ya farasi wa mbao waliopakwa rangi, inazunguka huku ngoma zinapigwa. Akasema tutakwenda sote.

Usiniulize tulilalaje wiki zile. Mchana tulikuwa uani tunaanika kahawa, mikono inageuza buni na akili iko juu ya farasi. Mdogo wangu Mugisha alikwisha kumpa wake jina. Tulikalia migomba iliyoanguka tukaipiga mateke, tukasafiri mpaka Ulaya na kurudi kabla hatujaitwa kwenda kuteka maji. Asubuhi nilikuwa naangalia ukungu bondeni, nikiamini kabisa kwamba ni vumbi la kwato zao. Hadi leo ukungu wa Muleba hunifanya nitabasamu, na watu wakiniuliza ninacheka nini, nawaambia ni uzee.

Baba alipanga kila kitu, tena kwa sauti kubwa. Alifanya kazi ya ziada kwenye shamba la kijiji ili turuhusiwe kuondoka. Akamwagiza mama aandae mkungu wa ndizi wa kumpelekea Ta Laurenti, yaani Mzee Laurenti, kaka yake mkubwa aliyekaa Miembeni palepale Bukoba, kwa sababu kwetu huingii mji anaokaa mkubwa wako ukapita mlango wake, na mikono mitupu ndiyo usithubutu kabisa. Mama aandae na chakula cha njiani. Mama afue nguo, anyooshe, atafute viatu vya Mugisha. Mama aliitikia kila jambo, akalifanya. Mimi nilidhani akina mama wameumbwa hivyo, wanaitikia tu.

Siku ikafika. Basi lilipoanza kuteremka kuelekea mjini tukaliona ziwa, limetandaa kimya mpaka mwisho wa macho. Nilihisi bado nimelala nyumbani na kwamba nikipumua kwa nguvu nitaamka.

Kwa Ta Laurenti tulipokelewa kama wageni wanavyopokelewa. Tukakaa kwenye nyasi mpya zilizotandazwa sakafuni, wakubwa wakaletewa kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, habari za nyumbani zikaulizwa moja baada ya nyingine, ng'ombe mpaka majirani. Ndizi ndio kwanza zinamenywa. Na huko nje, mwanangu, tulikuwa tunasikia ngoma za bembea! Basi la kurudi Muleba lilikuwa linaondoka jioni na tusingeweza kulikosa. Baba alikuwa amepanga yote akasahau kwamba chakula cha heshima hakipikwi haraka, na mgeni haondoki kabla ya kula. Alikaa pale anajibu habari kwa adabu, jasho linamtoka. Mugisha akaanza kulia kimyakimya, machozi yanadondokea nyasi.

Ta Laurenti akamwona.

"Mtoto ana nini?"

"Hana kitu, kaka. Utoto tu."

"Utoto ndio kitu chenyewe. Mmekuja kwa ajili ya ile bembea, au siyo?"

Baba akainamisha kichwa. "Ndiyo, lakini hatuwezi kuondoka hatujala kwako."

"Waitu! Kwani mkila nje ya nyumba yangu mtakuwa hamjala kwangu?"

Akaamuru ndizi zilizokwisha kumenywa zipikwe haraka, zifungwe kwenye majani ya mgomba pamoja na samaki. Akavaa koti lake, akatangulia mbele. Mama akajitwika kikapu cha chakula, tukaondoka karibu mbio.

Ah, farasi wale. Wekundu, weupe, mmoja wa buluu ambaye sikio lake lilikuwa limevunjika, na vijana wenye misuli wakiisukuma bembea kwa mikono. Baba akatupanga kama alivyokusudia, wadogo mbele, mimi nyuma. Yeye mwenyewe akasimama kando ya kamba iliyozungushiwa bembea, kutupa amri ya namna ya kushika. Mama alikuwa pembeni yake, kikapu kichwani, masweta yetu begani, viatu vya Mugisha mkononi.

"Na mama Koku je?" Ta Laurenti akauliza, akimwita mama kwa jina langu mimi.

"Yeye anashika vitu," baba akasema.

"Umemtoa Muleba mpaka hapa aje kushika vitu? Si angevishika kulekule nyumbani?"

Ndipo Ta Laurenti akanyoosha mikono akakishusha kikapu kutoka kichwani kwa mama. Uelewe, mwanangu, yule alikuwa mtu anayeamkiwa na Miembeni nzima. Siku zile mwanaume wa umri wake hakubeba kikapu cha mwanamke mbele za watu. Akaketi chini majanini na koti lake, kikapu mapajani, masweta juu ya kikapu, viatu juu ya masweta. Watu wakageuka kutazama. Kuna aliyecheka waziwazi, na yeye hata hakumwangalia.

"Panda, mama," akasema.

Mama akamtazama baba. Baba akatazama chini kidogo, halafu akaenda mwenyewe kumwombea nafasi. Farasi wa buluu ndiye aliyekuwa amebaki. Mama akakaa upande, kanga ameibana kwa mkono mmoja, macho ameyafumba.

Bembea ikazunguka. Mzunguko wa kwanza nilikuwa nafurahia farasi wangu. Halafu nikasikia kicheko nyuma yangu, chembamba, cha juu, kicheko ambacho nyumbani kwetu hakijawahi kusikika. Nikageuka. Kilemba cha mama kilikuwa kimeteleza shingoni, macho sasa yamefunguka, na nilimwona msichana pale, msichana kabisa, ambaye sikumjua. Niliogopa kidogo, halafu nikampenda kwa namna mpya. Kwa umri alikuwa mdogo kuliko mkeo alivyo leo.

Kwenye basi alilala amemwegemea baba begani, mbele za watu, na baba hakusogea mpaka Muleba.

Bembea ile haikurudi tena Bukoba, au kama ilirudi sisi hatukwenda. Mama aliishi mpaka akawa kikongwe, na katika maisha yake yote sikumwona tena akipanda kitu kwa ajili ya kufurahi tu. Ilikuwa mara ile moja, na nusura tumnyime.

Kwa hiyo, mwanangu, mpango wako ni mzuri, lakini hauna mahali pa mkeo. Watoto watapanda tu, wala usiwe na wasiwasi nao. Wewe mkatie yeye nafasi kwanza. Mikoba ishike wewe, na atakayecheka acha acheke. Na ukitaka kufika kwa ndugu zako wa huko, nenda siku nyingine kabisa, usiwabane watoto na heshima kwa siku moja. Hayo mabembea watakayopanda watayasahau. Mama yao akicheka watageuka kumtazama, na watakachokiona kitakaa nao mpaka wazeeke.

Nendeni salama, Mungu awashike mkono barabarani. Akupe nyumba ambayo kila aliyemo amewahi kucheka kwa sauti, na wewe uwepo usikie.